Kabla hujamwekea mtoto gemu: namna ya kukagua wanawake na watu weusi wamewekwaje humo

Nina chumba cha gemu Ujiji, hatua chache kutoka barabara inayoshuka ziwani. Mashine zangu ni za PlayStation: PS2 mbili ambazo bado zinadunda, PS3 moja na PS4 moja. Wanafunzi huingia wakitoka shule na madrasa, vijana wa bodaboda huingia jioni, na wazazi husimama mlangoni kuniuliza: "Dada, hii gemu anayocheza mwanangu ni nzuri?" Wengi wanamaanisha damu na bunduki, au wanaogopa mtoto atayasahau madaftari. Wana haki. Ila kuna jambo ambalo mtu aliyesimama mlangoni hawezi kuliona, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi: mtoto wetu mweusi, wa kike au wa kiume, akikaa mbele ya kioo kile kwa saa mbili, watu wanaofanana naye wamepewa kazi gani humo ndani? Wanaongoza, wanasindikiza, wanaokolewa, au wapo ili wapigwe risasi?

Hilo unaweza kulikagua mwenyewe. Hapa naeleza ninavyofanya kila diski mpya inapoingia, kwa ajili ya wenye vibanda wenzangu, walimu, na yeyote mwenye simu ambayo wadogo zake wanaigombania.

Kaa pembeni na daftari

Mpe padi kijana anayeijua gemu hiyo, wewe kaa pembeni. Ukishika padi mwenyewe akili yote itakwenda kwenye kushinda, na hutaona kitu. Gawa ukurasa sehemu nne: anayechezeka, yaani yule unayeweza kumwendesha kwa padi, anayeongea, anayetekwa au kuokolewa, na anayeuawa bila hata kutajwa jina. Kila mtu anapotokea kwenye kioo, mwekee herufi mahali pake: M mwanamume, K mwanamke, na uizungushie duara kama ni mweusi. Saa moja ya kucheza inatosha kukupa picha.

Usiandike maoni bado. Hesabu kwanza. Jicho linadanganya sana hapa: mwanamke mmoja mwenye gauni jekundu katikati ya wanaume kumi atakukaa kichwani, na mwisho wa saa utaapa kwamba wanawake walikuwa wengi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Glasgow na Cardiff walihesabu maneno yanayosemwa ndani ya gemu 50 zenye hadithi ndefu, zile ambazo mchezaji anamkuza mtu wake taratibu hadi mwisho. Matokeo yao ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba wanaume humo wanaongea mara mbili ya wanawake. Wewe huna haja ya kuhesabu neno kwa neno. Weka alama kila mtu anapofungua mdomo, uone ukurasa utakavyolalia upande mmoja.

Ukurasa wa kuchagua mpiganaji

Gemu za kupigana ndizo rahisi kuanza nazo, kwa sababu watu wote wamepangwa mbele yako kama picha za wagombea kwenye karatasi ya kura. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilikuwa na wapiganaji 8 wa kuchagua, na mwanamke alikuwa mmoja, Chun-Li. Bondia mweusi, Balrog, alikuwemo, lakini kama adui wa kukutana naye mbele ya safari; kumchagua ulikuwa huwezi. Mortal Kombat ya kwanza, mwaka 1992, ilikuwa na wapiganaji 7, mwanamke mmoja, Sonya Blade, na mweusi hakuna. Jax, mpiganaji wake mweusi, aliingia toleo la pili, mwaka uliofuata. Gemu za siku hizi zimejaza zaidi ukurasa huo, kwa hiyo usiishie kwenye idadi. Nenda kwenye maswali mawili yanayofuata.

La kwanza: amevaa nini, na kazi yake ni ipi? Mfano wangu mkubwa ni Elena wa Street Fighter III, aliyeingia mwaka 1997. Ametoka Kenya, jirani zetu kabisa. Ni mrefu, mweusi, ana nywele nyeupe na macho ya bluu. Anapigana kwa miguu tu, kwa mtindo wa capoeira, ambao ni wa Brazil. Na katika mashindano ya kupigana na wanaume wenye misuli, amevalishwa vipande viwili vyeupe vya kuogelea na bangili. Ryu, mwanamume wa gemu hiyo hiyo, amefunga gi, vazi lake la karate, hadi mkanda. Binti mmoja wa darasa la sita alisimama nyuma ya kaka yake akamtazama Elena kwa muda, kisha akaniuliza: "Anti, huyu dada nguo zake ziko wapi?" Nikamwambia amtazame kila mpiganaji na kuniambia nani amevaa kwa ajili ya kazi na nani amevaa kwa ajili ya kutazamwa. Alimaliza ukurasa mzima bila kukosea.

Fanya kama alivyofanya yeye. Usibishane kuhusu heshima na maadili. Huo ni mjadala ambao kijana atakwambia "anti, hiyo gemu tu" na mtaishia hapo. Linganisha mavazi na kazi. Mama anayeanika dagaa pale Kibirizi amevaa kwa ajili ya jua, mchanga na kuinama. Mpiganaji naye, mwindaji, askari au mpanda milima, vazi lake lina sababu au halina. Lara Croft, stelingi wa kike wa gemu ya Tomb Raider, mwaka 1996 alikuwa anapanda makaburi ya kale kwa kaptula fupi mno. Waliomchora upya mwaka 2013 walimpa suruali, matope na majeraha, na tangu hapo ukimtazama unaona mtu anayefanya kazi ngumu.

Swali la pili: anatoka wapi, na gemu inajua nini kuhusu kwao? Hapa ndipo Eddy Gordo wa Tekken 3 anaposhinda. Pale kwangu vijana wanamgombania hadi nimeweka zamu. Ni mweusi wa Brazil, naye anacheza capoeira, mchezo uliozaliwa na Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Mizunguko yake ilichukuliwa kutoka kwenye mwili wa bwana wa capoeira wa kweli, ndiyo maana inatiririka vile. Capoeira ile ile kwa Eddy ina mizizi, kwa Elena ni pambo. Ukimweleza hivyo kijana wa Ujiji, mji ambao misafara ya watumwa ilipitia, anaelewa haraka.

Afrika yao ina nini ndani?

Hii ndiyo sehemu inayoniuma, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kuna Resident Evil 5, ya mwaka 2009. Ramani inaiweka Afrika Magharibi, mahali pa kutunga panapoitwa Kijuju. Stelingi ni Chris Redfield, Mmarekani mzungu, na kazi yake ni kupita mitaani akiwapiga risasi wanakijiji walioambukizwa vimelea. Filamu fupi ya kuitangaza ilipotoka mwaka 2007, mzungu mwenye bunduki katikati ya umati wa weusi, watu wengi duniani waliilalamikia. Kinachotugusa sisi ni jambo jingine. Wanakijiji wale wa Afrika Magharibi wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Jioni moja vijana wa bodaboda walikuwa wameiweka, na mzee mmoja wa mtaani akaingia kumtafuta mwanawe. Alikuwa hajakitazama kioo, alikuwa anasikia tu. Akasimama. Akauliza: "Hao wanaouawa ni watu wa wapi?" Hakuna aliyemjibu upesi. Kijana mmoja akapunguza sauti ya runinga kwa adabu, ila swali la mzee lilikuwa limeshafika.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitumia swali lake kama kipimo. Hao wanaouawa ni watu wa wapi? Gemu iliyofanya kazi yake inaweza kukujibu: watu hawa wana jina, mji wao una soko, shule, mtu anayefua, mtu anayedai deni, na wapo waliokataa uovu. Gemu ya uvivu itakuonyesha vumbi, mabati, moto na kundi linalokimbia kuja kwako. Resident Evil 5 inakwenda mbali zaidi: ukifika kwenye mabwawa unakutana na wanaume wenye sketi za majani, vinyago na mikuki.

Sheva Alomar, mwenzake Chris, ni mwanamke wa Kiafrika mwenye mafunzo na silaha, na hilo nalihesabu. Lakini fungua menyu uangalie. Ukicheza peke yako kwa mara ya kwanza, lazima uwe Chris. Sheva unamshika mkicheza wawili, au ukishaimaliza gemu. Na miongoni mwa mavazi ya ziada aliyowekewa kuna la ngozi ya chui la vipande viwili na michoro ya rangi mwilini. Kwa hiyo usikubali jibu la "mbona kuna dada Mwafrika humo". Uliza unamshika lini, na zawadi ya kumshika ni ipi.

Far Cry 2 ya mwaka 2008 nayo ni ya Afrika, nchi haina hata jina. Ukitaka kuonyesha tofauti, na una kompyuta, tafuta Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotoka mwaka 2016. Imetengenezwa Yaoundé, Kameruni, na kampuni ya Kiro'o Games. Stelingi ni mwana wa mfalme ambaye yeye mwenyewe alipinduliwa siku ya kutawazwa kwake, na mkewe, Erine, anasafiri na kupigana pamoja naye. Nguo, majengo, nguvu za mababu, vyote vimechorwa na watu ambao Afrika kwao ni nyumbani. Picha zake hazing'ai kama za kampuni kubwa, na watoto watakwambia hivyo. Waache waseme, kisha waache wacheze.

CJ

Huwezi kuwa na chumba cha gemu mkoa wa Kigoma bila San Andreas, ile ya Grand Theft Auto, basi tuizungumze. Ilitoka mwaka 2004, na kwa vijana wengi CJ, stelingi wake, ndiye mtu mweusi wa kwanza waliyemwendesha kwa padi. Wanampenda, nami naelewa kwa nini. Carl Johnson anarudi nyumbani kwa msiba wa mama yake. Ana kaka anayemgombeza, ana dada, Kendl. Akila ovyo ananenepa, akienda jimu anajaa, akienda saluni anasukwa. Katika gemu za wakati ule, mtu mweusi aliyepewa ubinadamu wa kiasi hicho alikuwa adimu.

Sasa fungua daftari. Weusi walio wengi humo ni wa magenge. Wanawake wengi ni wapenzi wa kupelekwa matembezini, au ni wapita njia. Kendl ana akili kuliko kaka zake, na muda wake ni mfupi. Na diski yenyewe kwa kipimo cha Ulaya ni ya miaka 18, hilo sina mjadala nalo: mtoto wa shule hashiki.

Kwa kijana mkubwa, ushauri wangu ni kutoiacha San Andreas iwe peke yake. Kijana ambaye stelingi mweusi pekee anayemjua anaishi kwa bunduki, ameonyeshwa dirisha moja la nyumba kubwa. Mwekee jirani. Kwenye PS4 kuna Miles Morales wa Spider-Man, ya mwaka 2020: kijana mweusi, mama yake anatoka Puerto Rico, anapendwa mtaani kwake Harlem, na anafanya makosa ya umri wake. Kuna Bayek wa Assassin's Creed Origins, ya mwaka 2017, mlinzi wa watu wa Siwa katika Misri ya kale, baba anayelilia mwanawe. Hiyo nayo ni ya wakubwa. Vijana watacheza zote, na watazilinganisha wenyewe bila wewe kusema neno.

Mpira

Hapa ndipo pesa ilipo na ndipo mabadiliko yalipo rahisi, kwa kuwa kila mtu anacheza. FIFA 16, ya mwaka 2015, ndiyo ya kwanza kuweka timu za wanawake: timu za taifa 12. Hesabu tena kwa daftari lako: Ujerumani, Marekani, Ufaransa, Uswidi, Uingereza, Kanada, Brazil, Australia, Hispania, China, Italia, Meksiko. Ya Afrika hakuna. Hapo utaona kwa nini sipendi kukagua wanawake peke yao na weusi peke yao. Mlango uliofunguliwa kwa wanawake, msichana wa Kiafrika alibaki nje.

FIFA 19 ilimpa Kim Hunter, msichana mweusi, hadithi yake ya kuchezwa. FIFA 23 ikaweka klabu za wanawake, na FC 24, ambayo ni FIFA ile ile kwa jina jipya, ikaruhusu wanawake na wanaume kuchanganywa kwenye kikosi kimoja cha Ultimate Team, sehemu ya kujiundia timu yako mwenyewe. Kama una diski hizi, timu za wanawake zimo tayari, ila hakuna anayezigusa mpaka umwonyeshe. Fanya hivi: chagua siku moja ya wiki, tangaza kwamba mechi za kwanza ni za timu za wanawake kwa wote, na upunguze bei kidogo ya mechi hizo. Vijana watanung'unika mechi mbili. Ya tatu wataanza kubishana nani anamchukua Sam Kerr, mshambuliaji wa Australia.

Kisha waunganishe na nyumbani. Aisha Masaka, Mtanzania, alisajiliwa na Brighton mwaka 2024, na ligi ya wanawake ya Uingereza imo ndani ya FC 25. Simba Queens walifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 2022. Binti akiyajua haya, hataiona timu ya wanawake kwenye menyu kama kitu cha huruma.

Simu, na mtu wa kujitengenezea

Gemu nyingi za simu zinakuachia uchague sura. Kagua mambo matatu, haraka tu. Rangi: je, kuna weusi wa aina nyingi, au kuna mmoja uliopauka kama majivu? Kampuni ikitaka inaweza. The Sims 4, ingawa si ya simu, iliongezewa rangi za ngozi zaidi ya 100 mwezi Desemba 2020, baada ya wachezaji kulalamika muda mrefu. Nywele: kuna afro, dredi, twende kilioni, hijabu? Na bei: hiyo sura ya mtu mweusi ni ya bure kama nyingine, au mpaka ununue kwa bando na pesa ya simu? Kama mtoto analazimika kulipa ili afanane na yeye mwenyewe, liandike hilo kwa kalamu nyekundu.

Zima na maiki. Kwenye gemu za mtandaoni, sauti ya msichana ikisikika tu, matusi huanza.

Chumba chenyewe

Yote haya yataanguka kama msichana hawezi kukaa kwenye benchi lako. Benchi la karibu na mlango, linaloonekana barabarani, ni la wasichana kwanza; mama akipita anamwona mwanawe. Saa zao ni kati ya madrasa na magharibi, siku ambazo hawachoti maji, kwa hiyo usiwape zamu ya usiku halafu useme hawapendi gemu. Kauli ya "unacheza kama demu" kwangu inakukosesha mechi iliyobaki, na pesa hairudi. Tusi la rangi vivyo hivyo. "Mweusi kama…" hata kwa utani, unatoka.

Umeme ukikatika usiwaache waondoke. Waambie kuhusu Jerry Lawson, mhandisi mweusi wa Marekani aliyeongoza kazi ya Fairchild Channel F, mwaka 1976, mashine ya kwanza ya nyumbani ambayo ungeweza kubadilisha kaseti za gemu. Kabla ya hapo, gemu zilikuwa zimefungwa ndani ya mashine. Kila diski wanayoigombania pale kwangu inatembea kwenye njia aliyosaidia kuifungua.

Ukishakagua

Diski zangu zina alama tatu. Kijani, yeyote acheze. Njano, ichezwe nikiwepo, na mwishoni nitauliza maswali. Nyekundu, haiwekwi. Kwa watoto, Resident Evil 5 iko hapo; kwa wakubwa ni njano. Maswali yenyewe ni mafupi: nani alikuwa na jina? Nani hakuongea kabisa? Ungekuwa humo ndani, ungekuwa nani? Uliza, kisha nyamaza. Ukianza kuhubiri wamekwenda.

Kurasa za daftari nimezitoboa na kuzitundika kwa kamba pembeni ya bei za mechi, diski moja ukurasa mmoja. Mzazi akiniuliza kama gemu ni nzuri, namshushia ukurasa wake akae ausome, na mwanawe akiwa pembeni amweleze zile herufi zina maana gani.